Mbwa wa Kwanza Kuhesabiwa

Kila Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati watu wenye akili zao wamejifunika shuka mpaka kichwani, watu wazima wanane, wenye kazi zao na heshima zao, walikusanyika kwenye geti la msitu pamoja na mbwa wao. Hakuna aliyewalazimisha wala aliyewalipa. Walipanda kwa miguu mpaka kwenye mnara wa simu, wakala mkate wakiwa wamesimama, wakateremka, na ikifika saa nne walikuwa wamesharudi getini, matope mpaka magotini, wakiagana kama wasafiri ilhali wangeonana Jumatatu dukani. Majirani waliwacheka. Wao nao walijicheka wenyewe, tena kwa sauti kubwa zaidi, mpaka majirani wakachoka.

Wa kuhesabu mbwa alikuwa mfamasia, ambaye wote walimwita Vidonge. Huyu bwana alikuwa amekula chumvi ya kutosha, miaka sitini na mitatu, na thelathini na mitano kati ya hiyo aliipitisha nyuma ya kaunta ileile, akihesabu dawa kwa kijisu bapa juu ya sinia la bluu, tano tano, tano tano, bila kuinua macho hata kama mteja anamsimulia habari za talaka yake. Hakuwahi kukosea. Mwingine angelisema hilo kwa kujisifu. Yeye alilisema kama mtu anavyotaja jina lake.

Desturi ya kuhesabu ilianza mwaka wa pili wa matembezi, siku walipomsahau Chaki, mbwa wa mwalimu wa chekechea, kule juu mnarani. Mwalimu aligundua ameshafika nyumbani, amefungua mlango wa nyuma wa gari, na hakuna anayeteremka. Basi Jumamosi iliyofuata Vidonge akaweka sheria. Watu hawatahesabiwa, alisema, kwa sababu watu wana midomo. Mtu akipotea atapiga simu, atalalamika, atatutia aibu mji mzima. Mbwa ndio watakaohesabiwa, mara nne: getini kabla ya kuanza, mnarani, kwenye daraja la mbao wakati wa kurudi, na getini tena. Yeye atahesabu kwa sauti, akimaliza atataja idadi, na wote wataitikia "Tumetimia." Kabla ya kuitikia, hakuna kuinua mguu. Dereva, aliyestaafu mabasi ya masafa marefu na ambaye hakupenda kuamriwa na mtu asiye na filimbi, siku ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. Siku ya tatu alikuwa anaitikia kwa nguvu kuliko wote. Mbwa wake walikuwa wawili, Kushoto na Kulia, na hakuna aliyejua yupi ni yupi, Dereva mwenyewe akiwemo.

Hesabu siku zote ilianza na Karani. Karani alikuwa mbwa wa Vidonge, wa rangi ya chai ya maziwa, na jina hilo alilipata tangu mdogo kwa jinsi alivyomtazama kila aliyeingia nyumbani: kichwa chini, macho juu, kama anayetaka kuuliza umeleta nakala ngapi. Kwa miaka kumi na mmoja alitembea mahali pamoja tu, nyuma ya goti la kushoto la bwana wake. Mbwa wengine walifukuza vipepeo, walijitosa kijitoni, walibingirika kwenye vitu ambavyo afadhali tusivitaje. Karani alikuwa kazini. Kwa hiyo Vidonge hakuwa na haja ya kumtafuta kwa macho. Aliteremsha mkono wa kushoto, akagusa kichwa au hewa iliyo karibu na kichwa, akasema "moja," ndipo akaanza kuwatazama wengine. Moja ilihesabiwa na mkono. Kuanzia mbili, yalihesabu macho.

Mbili, tatu, nne, mpaka nane. Mbwa walikuwa wanane.

Karani alikufa siku ya Jumanne, mchana, kwenye kile kipande cha jua kinachoingia jikoni kupitia mlango wa nyuma. Figo zilikuwa zimechoka. Mke wa Vidonge, ambaye miaka yote alilalamika kuhusu manyoya kwenye makochi, ndiye aliyelia, tena kwa kwikwi, bila kumwonea mtu haya. Vidonge hakulia. Alichimba shimo nyuma ya nyumba, akaosha jembe, akaenda kufungua duka la dawa saa nane kamili. Jumamosi tatu hakutokea getini. Alimwambia mkewe kwamba kwenda kwenye matembezi ya mbwa bila mbwa ni sawa na mwenye kipara kwenda kupanga foleni kwa kinyozi: watamkaribisha, watampa kiti, lakini kila mtu atakuwa anajiuliza amefuata nini. Alisema kwa mzaha. Mkewe, aliyemjua, hakucheka.

Na kweli haikuwa mzaha. Hilo ndilo lililokuwa likimla usiku na mchana. Kazini alikuwa mtu wa dawa, nyumbani alikuwa baba wa watoto walioondoka. Pale msituni tu ndipo alipokuwa rafiki wa watu, na aliamini kabisa kwamba urafiki huo aliletewa na Karani mdomoni. Karani ndiye aliyekwenda kumnusa Chaki. Mwalimu ndiye aliyesema asubuhi njema. Sasa Karani hayupo. Je, wale watu walikuwa wake, au walikuwa wa mbwa?

Wiki ya nne mkewe alimwekea viatu vya matope mlangoni, akamwambia achague: aende akatembee, au abaki apake rangi ukuta wa sebule. Akaenda.

Walimsalimia mno. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichokiona. Kinyozi, ambaye kwa kawaida hasemi neno kabla ya saa mbili, alimshika mkono akamweleza matokeo ya mpira tangu mwanzo wa msimu. Mume na mke wenye duka la maziwa walimpa mkate wao hata kabla ya kupanda. Fundi bomba alitaka kumpa kamba ya mbwa wake aishike, "ili mikono ipate kazi," kisha akaona aibu akairudisha. Na Mama Mapazia, ambaye alishona mapazia ya nusu ya nyumba za mji ule, alimkumbatia akinukia sabuni na uzi mpya, huku mbwa wake akimbwekea Vidonge kama mwizi.

Mbwa huyo aliitwa Kengele. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi, mweusi, mwembamba, masikio hayajaamua yasimame au yalale, na alibwekea kila kitu: jani, baiskeli, kivuli chake, na siku moja mkate uliokuwa umewekwa vibaya. Binti wa pekee wa Mama Mapazia alipokwenda kufanya kazi ng'ambo ndiye aliyemleta, akamwambia mama yake huyu atakuwa anapiga kelele nyumbani badala yangu. Kila Jumapili binti alipiga simu ya picha, na kabla hajamjulia mama hali alitaka kwanza kumwona Kengele. Mama Mapazia alijidai anakasirika. Kwa kweli saa moja kabla ya simu alikuwa ameshamchana mbwa manyoya.

Dereva, aliyekuwa akihesabu kwa zile wiki tatu kwa ukali wa kondakta, alisogea pembeni bila kuambiwa. Zamu imerudi kwa mwenyewe. Vidonge alishukuru kimoyomoyo, akanyoosha mgongo, akahesabu.

"Nane," akasema.

Walichelewa kidogo kuitikia. Vidonge aliona lakini hakulitilia maanani; labda wamesahau, alifikiri, labda Dereva aliwaachia walegee. Kisha Mama Mapazia akaitikia, "Tumetimia," na wengine wakafuata, na geti likafunguliwa.

Njia ilikuwa nzuri asubuhi ile, na heri nilieleze hilo, maana mtu anaweza kudhani walikuwa wanakwenda kuteseka. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, udongo ukawa laini bila kuwa tope zito, na harufu ilikuwa ile ya majani yaliyolowa ambayo hakuna anayeiuza kwenye chupa. Baada ya kona ya kwanza kamba zilifunguliwa, mbwa wakatawanyika kama wanafunzi waliosikia mapumziko. Watu walifuatana mmoja mmoja, kwa sababu njia ni nyembamba, na hapo ndipo maneno yalipoanza kutoka. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyasema akiwa ameketi kitini anaangaliwa usoni, lakini ukimweka nyuma ya mgongo wa mwenzake, miguu ikiwa na shughuli, atayasema yote kabla ya mlima kwisha. Kwenye njia ile Kinyozi ndiko alikoeleza kwamba ameacha pombe. Kwenye njia ile mwalimu ndiko alikolia kwa ajili ya mama yake, wakamwacha alie, wakapunguza mwendo tu.

Vidonge naye alidhani labda leo angesema. Angesema nyumba imekuwa na sauti mpya, sauti ya kucha zisizogonga sakafu. Lakini aliyekuwa mbele yake alikuwa Dereva, na Dereva akihofia kimya alikuwa anajaza njia nzima hadithi za basi lililoharibika breki. Vidonge alicheka palipostahili kucheka. Mnarani walikula mkate, Kengele akaubwekea mnara, Vidonge akahesabu, nane, wakaitikia upesi safari hii, wakaanza kuteremka.

Sasa, katikati ya mteremko, upande wa kulia, kuna jiwe bapa, kubwa kiasi cha kitanda. Miaka miwili ya mwisho nyonga za Karani zilikuwa zimekongoroka, na kila wakirudi alikuwa akifika hapo analala, basi. Humburuti wala humbembelezi. Kundi zima lilisimama dakika kumi, kumi na tano, likipiga soga, mpaka Karani apumzike. Kengele alikulia katika desturi hiyo. Alifika msituni akiwa mdogo wa kubebwa kwenye kikapu, na alijifunza kwamba jiwe likifika unalala ubavuni mwa mzee. Tena pale ndipo mahali pekee duniani aliponyamaza. Mama Mapazia alikuwa akisema angeweza kulinunua lile jiwe aliweke sebuleni.

Siku ile hawakusimama. Dereva alikaza mwendo, wengine wakakaza nyuma yake, na kila mmoja akawa ghafla na jambo la kutazama upande wa kushoto. Vidonge mwenyewe alilijua jiwe linakuja kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani. Alipolifikia alitazama viatu vyake, akapita.

Kwenye daraja la mbao, hesabu. Vidonge alisimama mwanzoni mwa daraja, maji yakipita chini, mbwa wakijikung'uta na kuwalowesha watu. Akahesabu mpaka mwisho, akajisikia akisema:

"Saba."

Neno lile lilimchoma. Ndiyo, saba, ndiyo hesabu mpya hiyo, alijiambia, na kuanzia leo itakuwa saba, zoea. Lakini aliona pia kitu asichokitegemea: nyuso za wenzake zilifunguka. Waliitikia kwa pamoja, kwa sauti safi, na mwalimu akamminya bega alipompita. Vidonge hakuelewa wanafurahia nini, ila joto la mkono ule lilibaki begani, naye akavuka daraja akijisikia nafuu kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima.

Getini kila mtu alitoa kamba yake mfukoni. Mama Mapazia alitoa yake, nyekundu, akaita. Akaita tena. Alitazama chini ya magari, akacheka kidogo, akaita mara ya tatu, na mara hiyo hakukuwa na kicheko ndani yake. Ndipo wote waliposikia jambo walilopaswa kulisikia nusu saa nzima: kimya. Hakuna aliyekuwa anabweka.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa maana wote walisema kwa wakati mmoja. Mke wa duka la maziwa alisema hawezi kuwa mbali, si tumehesabu darajani. Mwalimu akaapa kwamba darajani walikuwa saba kamili, alisikia kwa masikio yake, kwa hiyo mbwa amepotea kati ya daraja na geti, kwenye ile njia fupi, basi wamtafute vichakani hapohapo. Kinyozi na fundi bomba walishaanza kuingia vichakani. Mama Mapazia alikuwa anajilaumu kwa sauti ndogo, mimi ndiye niliyemwachia, mimi ndiye niliyekuwa ninaongea. Na nyuma ya mnara, upande wa pili wa mlima, inapita barabara ya malori ya kokoto, ambayo hayamsimamii mtu sembuse mbwa. Hakuna aliyeitaja. Wote walikuwa wanaifikiria.

Vidonge alikuwa amesimama palepale. Alikuwa anawatazama mbwa waliokuwa wamefungwa kamba, na macho yake, yale ya miaka thelathini na mitano nyuma ya kaunta, yaliwahesabu bila kuombwa. Sita. Kengele akiwemo wangekuwa saba, na saba ndio wote waliotoka nyumbani leo. Lakini asubuhi, hapahapa, alisema nane. Nane gani? Akateremsha macho akautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umening'inia pembeni ya goti, vidole vimepinda kidogo, kwa umbo la kichwa.

Angeweza kunyamaza. Tuseme ukweli, wazo hilo lilimpitia: hakuna aliyemshuku, mwalimu alikuwa anamtetea kwa kiapo, na mbwa wangeweza kutafutwa vichakani mpaka jioni bila yeye kufungua mdomo. Mtu aliyekosea hesabu pale, nani atamwamini na vidonge? Na mtu aliyekuja bila mbwa halafu akapoteza wa mwenzake, atarudi kwa uso gani? Lakini kila dakika ya kutafuta huku chini ilikuwa dakika ya Kengele kule juu.

"Ni mimi," akasema. "Nilimhesabu Karani. Tangu asubuhi. Darajani walikuwa sita."

Alitegemea watashangaa. Hawakushangaa, na hilo lilimtisha zaidi. Dereva alivua kofia, akaikunjakunja kama anayetaka kuikamua maji.

"Tulijua, bwana," akasema. "Asubuhi uliposema nane, tulijua. Tukaona tukuache. Halafu darajani uliposema saba tukasema, alhamdulillahi, amerudi kwenye hesabu."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Watu wanane walikuwa wamesikia hesabu isiyo ya kweli, saba kati yao wakijua, na kwa upole wao wakaitikia kwamba wametimia. Mara mbili. Halafu wakafurahia kosa la tatu. Na walipita jiwe wakitazama kushoto, kwa upole uleule.

Mama Mapazia aliwageukia. Alikuwa mwanamke wa maneno laini, aliyezoea kuwaambia wateja kwamba dirisha lao ni zuri ila limepinda kidogo.

"Mmemhurumia yeye, mkampoteza wangu," akasema. "Na mimi ndiye niliyeitikia wa kwanza."

Dereva alisema tu kwamba anakwenda barabarani na gari lake, lori lolote litakaloshuka litamkuta amesimama katikati, akaondoka na Kushoto na Kulia wakiwa wametoa vichwa dirishani. Wengine waligawana vichaka na kijito. Vidonge alishaanza kupanda. Hakumwambia mtu anakwenda wapi, maana hakuwa na hakika, na magoti yake yalikuwa yanamlilia tangu hatua ya kumi. Alisikia nyayo nyuma yake. Mama Mapazia alikuwa anamfuata, kamba nyekundu imezungushwa mkononi.

Walipanda. Yeye alikuwa mbele, mama yule nyuma, na safari hii njia haikumfungua mtu kinywa. Vidonge aliita Kengele mara chache. Jibu halikuja, na mbwa yule akiwa hai na mzima asingeacha kuitika. Aliwaza lori. Aliwaza Jumapili, kesho, simu ya picha, na binti anayesubiri kuona masikio yale. Alipiga moyo konde akazidi kupanda. Kwenye kona ya mwisho kabla ya jiwe, Mama Mapazia alisema kwa nyuma, bila hasira, kwamba asubuhi alishindwa tu. Aliuona ule mkono unashuka, na hakuweza kuuvunja moyo.

Kengele alikuwa juu ya jiwe.

Hakuwa amefungwa wala kuumia, na hakukuwa na kitu kilichomnasa. Alikuwa amelala upande wake, ule wa chini, ambao siku zote ulikuwa wake, na upande wa juu, wenye jua, ameuacha wazi. Alikuwa kimya kama alivyofundishwa. Mama Mapazia alimwita kwa sauti iliyojaa machozi. Mbwa akapigapiga mkia juu ya jiwe, lakini hakuinuka. Alimtazama Vidonge. Kisha akatazama nyuma ya goti lake la kushoto, akangoja.

Hapo Vidonge alishindwa. Aliketi kwenye lile jiwe, upande wa jua, akalia kama hakuwahi kulia tangu azikwe mama yake, mabega yakiruka, kamasi zikimtoka, mtu mzima na mvi zake. Alimlilia Karani na zile figo ambazo yeye, mtu wa dawa, hakuweza kuzitibu. Alilia pia kwa sababu kumbe hakuwa peke yake aliyekuwa bado anamhesabu. Mama Mapazia aliketi kando yake, akaweka mkono mgongoni mwake, akamwacha. Kengele aliweka kidevu juu ya kiatu chake. Sijui walikaa muda gani. Dakika kumi, kumi na tano. Muda wa kawaida wa jiwe lile.

Alipojifuta uso, Mama Mapazia alimvuta mbwa kwa kamba, taratibu. Mbwa akagoma. Akamvuta tena, naye akajifanya mzito. Vidonge alijua tatizo, na alijua dawa yake, ila ilimbidi akohoe mara mbili kabla haijatoka. Yalikuwa maneno aliyoyasema hapo kila Jumamosi kwa miaka miwili.

"Haya, Karani. Ofisi imefunguliwa."

Kengele aliruka chini, akajikung'uta, akabwekea kipepeo, na msitu mzima ukapumua.

Walipofika getini wenzao walishakusanyika, wamechanwa na miiba, na Dereva amerudi akiwa amegombana na malori matatu na kuyashinda yote. Hakuna aliyepiga kelele. Mwalimu alimkumbatia mbwa, fundi bomba akatazama pembeni akijidai ana kitu jichoni. Vidonge alisubiri watulie, kisha akawaambia aliyoyapanga njia nzima ya kurudi: Dereva ndiye ahesabu kuanzia leo. Yeye macho yake ni mazima, ila mkono wake haujui kwamba Karani amekufa, na hajui utajua lini. Akija Jumamosi nyingine, kama bado wanamtaka, atakuja kutembea tu.

Dereva alimtazama Mama Mapazia. Wote walimtazama yeye, kwa kuwa haki ya kusema ilikuwa yake.

Mama Mapazia alikuwa ameizungusha ile kamba mara mbili kwenye kiganja.

"Wewe ndiye utakayehesabu, kaka," akasema. "Na uanzie palepale ulipozoea. Ubaya ni kwamba tulijua tukanyamaza. Sasa tunajua na tumesema. Hesabu ni nane. Siku ukisema saba, hakuna anayeondoka hapa."

Vidonge alitaka kubisha, kwamba hiyo si hesabu, hakuna duka la dawa linaloweza kuendeshwa namna hiyo. Aliwatazama mmoja mmoja, na safari hii hakuna aliyekwepa macho yake. Geti lilikuwa halijahesabiwa, na sheria ni sheria, tena aliiweka mwenyewe. Akanyoosha mgongo. Akateremsha mkono wa kushoto, polepole, wote wakiutazama, mpaka mahali pake nyuma ya goti.

"Moja," akasema. Kisha akainua macho akaendelea na wengine, Kushoto au Kulia, Kulia au Kushoto, Chaki, mbwa wa maziwa, wa Kinyozi, wa fundi bomba, mpaka akamfikia Kengele, aliyekuwa anambwekea.

"Nane."

"Tumetimia," wakaitikia, na mbwa saba wakapanda magarini.